Mwanga Hakuchimba, Alichimbisha: Ziara katika Ziwa la Kabaka

Chini ya kilima cha Mengo, upande wa Ndeeba, kuna ziwa dogo ambalo halikuumbwa na mto wala tetemeko. Lilichimbwa na watu. Baganda huliita Ennyanja ya Kabaka, yaani Ziwa la Kabaka, na mtu anayejua Kiswahili hahitaji kamusi ili aelewe neno la kwanza. Lilianza kuchimbwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1880, kwa amri ya Kabaka Mwanga II. Leo ni mahali pa kupunga upepo. Watu huja kukaa kando ya maji, kupiga picha, kusoma, kuzungumza na wachumba wao, kisha hurudi kwenye vumbi na kelele za jiji.

Katika insha hii nitaeleza niliyoyaona nilipotembelea ziwa hili. Kisha nitajaribu kuonyesha kwamba historia yake husimuliwa nusu. Tunasimuliwa habari za mfalme aliyetaka ziwa, lakini hatusimuliwi habari za watu waliolichimba. Tukiwarudisha watu hao katika masimulizi, hata mapinduzi ya Septemba 1888, ambayo tumezoea kuyaita vita vya dini, yataonekana kwa sura nyingine.

Mahali penyewe

Nilikwenda Jumamosi moja asubuhi pamoja na wanafunzi wenzangu wawili. Tulishuka kwenye teksi Ndeeba, mahali ambapo misumeno ya wauza mbao hailali, tukatembea kwa miguu hadi ukingoni. Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba kelele hupungua ghafla. Boda boda bado husikika, lakini kwa mbali. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, yametulia. Yangeyange weupe walijaa mitini kando ya maji kana kwamba mtu ameanika nguo, na korongo mmoja mkubwa alisimama peke yake, akitazama takataka zilizosukumwa na upepo hadi pembeni.

Pale palikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akiuza njugu. Tulimsalimia kwa heshima kama inavyopasa, tukanunua njugu zake, kisha nikamwuliza, "Jjajja, nani alichimba ziwa hili?"

"Mwanga ndiye alilichimba, mwanangu," akajibu bila kusita.

"Peke yake?"

Akacheka. "Na watu wake."

Jibu lake la kwanza ndilo jibu la kila mtu. Ndilo lililomo katika vitabu vya watalii na ndilo tulilofundishwa shuleni: Mwanga alichimba ziwa. Lakini sisi tunaosoma lugha tunajua kwamba Kiswahili hakituruhusu kuficha jambo hili kwa urahisi. Kina kitenzi kuchimba na kina kitenzi kuchimbisha. Anayechimba ana udongo kwenye kucha zake. Anayechimbisha ana amri mdomoni. Mwanga hakuchimba ziwa hili, alilichimbisha. Jibu la pili la bibi yule, "na watu wake", ndilo lenye historia ambayo bado haijasimuliwa.

Mfalme kijana katika miaka migumu

Mwanga alirithi kiti cha baba yake, Muteesa I, mwezi Oktoba 1884. Alikuwa kijana asiyefikia miaka 20. Baada ya muda mfupi akajenga Lubiri, yaani kasri lake, juu ya kilima cha Mengo, na hapo ndipo makao makuu ya Buganda yalipo hadi leo.

Ufalme aliourithi ulikuwa na wageni wengi. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Unguja walikuwapo barazani tangu zamani za babu yake, na kupitia kwao Uislamu na lugha ya Kiswahili vilifika Buganda. Wamisionari Waingereza wa Kianglikana waliingia 1877 na mapadri Wakatoliki Wafaransa wakafuata 1879. Vijana wa kasri waligawanyika kufuatana na walimu wao. Wote waliitwa abasomi, neno ambalo ni ndugu wa neno letu wasomaji, kwa kuwa kufuata dini mpya na kujifunza kusoma vilikuwa jambo moja. Wengi wao walianza kusoma kwa vitabu vya Kiswahili, kwa sababu Luganda kilikuwa bado hakina vitabu vya kutosha.

Mwaka 1885 Wajerumani walianza kudai ardhi ya bara iliyo nyuma ya Unguja. Habari hizo zilifika Mengo, na mfalme kijana akaona kwamba wageni wanaomzunguka wana wenzao wenye bunduki. Mnamo Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana waliuawa Busega, magharibi mwa Mengo. Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Mwaka uliofuata, Mwanga akiwa katika kasri lake la Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, vijana wasomaji walihukumiwa kifo. Wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Ziwa la Mengo lilichimbwa na mfalme huyohuyo, katika miaka hiyohiyo. Masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema kwamba Mwanga alikusudia kuliunganisha na Ziwa Viktoria kwa mfereji hadi Munyonyo, ili siku ya hatari aingie katika mtumbwi karibu na Lubiri na kutokea kwenye maji makubwa bila kuonekana na adui. Kutoka Mengo hadi Munyonyo ni kama kilomita 10, na njia yote ni vilima na mabonde. Mfereji huo haukukamilika. Masimulizi hayo hupendwa kwa sababu yana siri na hofu ndani yake, na pengine yana kweli pia. Lakini yanatufanya tutazame mahali ambapo mfereji ungeishia, badala ya kuwatazama watu waliosimama ndani ya shimo wakiwa na majembe.

Kazi ya nchi na kazi ya mfalme

Ili tuwaelewe wachimbaji, hatuna budi kuelewa jinsi kazi ilivyopangwa Buganda. Tangu zamani kulikuwa na desturi ya bulungi bwansi, maana yake uzuri wa nchi, au tuseme kazi kwa faida ya nchi. Mkulima aliitwa na chifu wake kutengeneza barabara, kujenga uzio wa kasri au kusafisha kisima. Speke, aliyefika kwa Muteesa mwaka 1862, na Stanley, aliyefika 1875, wote walistaajabia barabara pana za Buganda. Barabara zile hazikujitengeneza. Zilikuwa kazi ya mikono iliyoitwa kwa ngoma.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na pande mbili. Mkulima alimfanyia chifu kazi, na chifu alimpa ardhi ya kulima migomba, alimlinda na kumsimamia katika kesi. Chifu asiyetenda haki aliweza kukimbiwa na watu wake, kwa kuwa mkulima alikuwa huru kuhama na kutafuta chifu mwingine. Chifu asiye na watu si chifu. Vivyo hivyo chifu alimtumikia Kabaka, na Kabaka alimpa cheo na heshima. Kila aliyetoa jasho alitarajia kupata kitu. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hata mgeni huyo hupewa jembe akiwa ameshakula.

Ziwa la Mwanga lilivunja mpango huo. Kwanza, halikuwa barabara ambayo mkulima angepitia kwenda sokoni, wala kisima ambacho mkewe angeteka maji. Lilikuwa ziwa la mfalme. Pili, wito haukuishia kwa wakulima. Machifu wenyewe, watu ambao kazi yao ilikuwa kusimamia, waliamriwa kufika asubuhi na mapema na kufanya kazi ya udongo. Aliyechelewa alitozwa faini nzito. Katika nchi ambamo heshima ya mkubwa ilionekana hata kwa jinsi alivyokaa barazani, kumwona chifu amebeba tope mbele ya watu wake ilikuwa fedheha ambayo haikusahaulika upesi. Na faini ya chifu haikutoka mfukoni mwake peke yake. Ilishuka kwa wakulima wake, kwa kuwa yeye alipaswa kuipata mahali fulani.

Kwa hiyo shimo lile lilikuwa na matabaka yote ya Buganda ndani yake. Mkulima alichimba kwa sababu chifu alimwita. Chifu alichimba kwa sababu mfalme alimwita. Mwislamu, Mkristo na mfuasi wa dini ya jadi walikanyaga tope moja. Hakukuwa na mashine yoyote. Nilipotembea kando ya ukingo nilijaribu kukadiria ni vikapu vingapi vya udongo vilipaswa kupandishwa ili maji yale yapate mahali pa kukaa. Nilishindwa, na nadhani kushindwa huko kunafundisha kitu. Jasho nililojaribu kulihesabu halina tena alama yoyote isipokuwa maji yenyewe.

Septemba 1888

Mwanzoni mwa Septemba 1888 Mwanga alitaka kuwaondoa vijana wasomaji waliokuwa wameshika vikosi vyenye bunduki. Ilisemekana kwamba alipanga kuwapeleka katika kisiwa cha Ziwa Viktoria na kuwaacha huko wafe. Walipofika ufukweni walikataa kupanda mitumbwi. Kisha Waislamu na Wakristo, ambao walikuwa na sababu nyingi za kutopatana, waliungana wakampindua. Tarehe 10 Septemba nduguye, Kiweewa, alitawazwa.

Vitabu vingi vinaeleza tukio hili kama mwanzo wa vita vya dini katika Buganda. Ni kweli kwamba baada ya wiki chache Waislamu na Wakristo walianza kupigana wao kwa wao, Kiweewa akaondolewa, Kalema akawekwa, na nchi ikaingia katika miaka ya damu. Lakini swali langu ni hili: kwa nini mfalme wa Buganda, aliyekuwa na nguvu kuliko mtu yeyote katika nchi, aliangushwa kwa urahisi namna ile? Vijana wasomaji hawakuwa wengi. Wangeweza kuzuiwa kama machifu wakubwa na wakulima wao wangesimama upande wa Kabaka. Hawakusimama. Mfalme alipokimbia, hapakuwa na umati wa kumzuia asiondoke wala wa kumtetea asiondolewe.

Jibu, kwa maoni yangu, sehemu yake iko ndani ya ziwa. Watu waliotozwa faini kwa kuchelewa kufika kwenye tope hawakuwa na haraka ya kufika kwenye vita vya mfalme huyohuyo. Dini iliwapa wasomaji umoja na ujasiri, hilo sikatai. Lakini kazi ya kulazimishwa iliwanyang'anya wengine wote sababu ya kuwapinga. Bunduki za wasomaji zilionekana, na kwa hiyo zikaandikwa. Uchovu wa wachimbaji haukuonekana, kwa sababu mtu aliyechoka hubaki nyumbani kwake, na anayebaki nyumbani haandikwi.

Kuna jambo jingine linalopaswa kutajwa. Mwanga alikimbia, na alikimbia kwa mitumbwi kupitia Ziwa Viktoria hadi Magu, upande wa kusini. Kama kweli ziwa la Mengo lilichimbwa ili limwokoe siku ya hatari, basi siku hiyo ilipofika halikumsaidia. Ilimbidi aufikie ufuko kwa nchi kavu. Na miongoni mwa mambo yaliyomleta kwenye siku hiyo lilikuwamo ziwa lenyewe.

Alirudishwa madarakani baadaye kwa msaada wa Wakristo waliompindua, lakini hakuwa tena mfalme yule wa zamani. Mwaka 1897 aliasi dhidi ya Waingereza akashindwa, na mwanawe mchanga, Daudi Chwa, akawekwa mahali pake. Mwaka 1899 alikamatwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa uhamishoni, na akafa Ushelisheli mwaka 1903. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi.

Walioandikwa na wasioandikwa

Kila tarehe 3 Juni mahujaji hufika Namugongo kutoka Uganda, Kenya, Tanzania, Kongo na nchi nyingine. Wengine hutembea kwa miguu siku nyingi. Majina ya mashahidi tunayajua: Karoli Lwanga, Denis Ssebuggwawo, Kizito mdogo wao na wengineo. Mashahidi 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na wenzao Waanglikana hukumbukwa pamoja nao. Hilo ni jema, nami sitaki kupunguza chochote katika heshima yao. Lakini majina yao yalihifadhiwa kwa sababu walikuwa wasomaji, na walikuwa na walimu walioandika barua na vitabu.

Wachimbaji wa ziwa waliishi chini ya mfalme huyohuyo, katika mji huohuo. Hakuna hata mmoja wao mwenye sanamu. Hakuna aliyewaandikia orodha. Apolo Kagwa, msomaji aliyepona mateso ya 1886 na baadaye akawa Katikkiro, yaani waziri mkuu, aliandika historia mashuhuri ya Buganda kwa Luganda. Kitabu hicho kinahusu wafalme, kama jina lake linavyosema. Ndivyo historia ilivyoandikwa wakati huo karibu duniani kote. Hatuwezi kumlaumu, lakini hatulazimiki kuendelea hivyohivyo.

Wala tusidhani kwamba kuchimbisha kulikwisha Mwanga alipoondoka. Serikali ya kikoloni ilileta kazi ya lazima iliyoitwa kasanvu, iliyowatoa wanaume mashambani mwao kwenda kubeba mizigo na kutengeneza barabara, hadi ilipokomeshwa mwaka 1922. Barabara nyingi tunazoziita za Waingereza zilichimbwa na Waganda, Wasoga, Wanyoro na wengine ambao majina yao hayapo popote. Kitenzi ni kilekile. Aliyebadilika ni mwenye kutoa amri.

Bustani na kumbukumbu

Ziwa lenyewe lilipita katika mikono mingi. Lubiri ilishambuliwa na jeshi la serikali mwezi Mei 1966, falme zikafutwa mwaka 1967, na mali za Buganda zikachukuliwa na serikali. Mwaka 1993, falme ziliporudishwa, ziwa hili lilikuwa miongoni mwa mali zilizorejeshwa kwa Buganda. Tangu hapo limekuwa sehemu ya matembezi ya Mengo pamoja na Lubiri na Bulange. Mgeni anayepita Lubiri huonyeshwa pia mahandaki ambamo watu waliteswa zamani za Idi Amin. Hapo hakuna anayesema kwamba Amin peke yake ndiye habari. Mgeni huambiwa kuhusu wafungwa, na hutoka akiwa kimya. Kando ya ziwa, umbali mfupi tu kutoka hapo, mgeni huambiwa kuhusu Mwanga na mfereji wake, kisha hupiga picha.

Sipingi ziwa kuwa mahali pa mapumziko. Kampala ina uhaba mkubwa wa mahali ambapo mtu asiye na pesa nyingi anaweza kukaa karibu na maji na mti. Tazama bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953 karibu na Kibera ili liwe akiba ya maji ya jiji. Kwa miaka mingi watu waliburudika hapo kwa mashua za tanga, kisha maji machafu na magugu maji yakalifunika. Ziwa la Kabaka nalo limezungukwa na mitaa iliyojaa watu na gereji, na takataka nilizoziona pembeni zinatuonya. Maji yaliyopatikana kwa jasho kubwa namna ile hayastahili kufa kwa mifuko ya plastiki.

Ninachokiomba ni kidogo. Buganda bado ina siku ya Bulungi Bwansi, tarehe 8 Oktoba, ambapo watu huhimizwa kutoka pamoja kusafisha na kutengeneza mahali pao. Ingefaa siku hiyo iadhimishwe pia kando ya ziwa hili, kwa majembe na fagio, na iambatane na somo fupi kwa wanafunzi wa shule za jirani: hapa desturi ya kazi ya pamoja iligeuzwa kuwa mzigo, na mfalme aliyeigeuza akapoteza kiti. Somo hilo lingewafaa watoto, na lingewafaa wakubwa zaidi. Kila kiongozi anayewaita watu kufanya kazi kwa jina la nchi angejiuliza kama nchi yenyewe itafaidika, na kama yeye mwenyewe angekubali kutozwa faini akichelewa.

Pia pangewekwa kibao kimoja. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kuchangia maneno yake, kwa Luganda, Kiswahili na Kiingereza. Hakihitaji kuwa kirefu. Kiseme kwamba ziwa hili lilichimbwa kwa mikono katika miaka ya 1880, kwa amri ya Kabaka Mwanga II, na watu wa Buganda ambao majina yao hayakuandikwa. Jina la mfalme libaki mahali pake, lakini baada ya neno "kwa amri ya". Na neno "lilichimbwa" lifuatwe na wale waliochimba.